CHICAGO: MJI ULIOCHELEWA KUMKUMBUKA MWANZILISHI WAKE

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Chicago, mji wa tatu kwa ukubwa katika Marekani, wenyeji wako hawatakupeleka kwanza mahali mji huo ulipoanzia. Watakupeleka kwenye maghorofa. Watakupandisha kwa lifti hadi masikio yazibe, watakusimamisha mbele ya kioo, nawe utatazama chini uone magari yanavyotambaa kama siafu, na upande wa mashariki Ziwa Michigan lililotanda mithili ya bahari isiyokuwa na chumvi. Wana haki ya kujivunia. Lakini ukishashuka, waombe wakupeleke kwenye daraja moja la barabara ya Michigan, pale Mto Chicago unapokatiza katikati ya mji. Safari yetu ya leo inaanzia hapo.

Kwenye ukingo wa kaskazini wa mto huo, katika miaka ya 1780 hivi, alihamia mfanyabiashara mmoja mweusi aliyeitwa Jean Baptiste Point du Sable. Inasadikiwa kwamba alizaliwa katika kisiwa cha Haiti. Mkewe, Kitihawa, alikuwa wa kabila la Wapotawatomi, wenye nchi ile kabla ya walowezi. Huyu bwana hakuwa mpita njia. Alipouza mali yake mwaka 1800, hati ya mauzo ilitaja nyumba kubwa, mabanda mawili, kinu cha kusagia nafaka kilichozungushwa na farasi, tanuri la mikate, banda la kuku, nyumba ya maziwa na nyumba ya kukaushia nyama kwa moshi, licha ya ng'ombe na nguruwe. Kwa lugha nyingine, pale palikuwa na makazi kamili, na biashara iliyokuwa ikistawi, miaka zaidi ya 30 kabla Chicago haijatangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1833. Du Sable alikufa mwaka 1818 huko Missouri, mbali na mto aliouanzishia maisha.

Sasa inama kidogo utazame nguzo za daraja. Kuna mchongo mkubwa wa mawe uliowekwa mwaka 1928 kuwatukuza waanzilishi. Anayeonekana akiwaongoza watu ni John Kinzie, mzungu aliyeipata nyumba ile ile ya Du Sable baadaye. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilimwita Kinzie mkazi wa kwanza wa Chicago. Ilikuwa mwaka 1968 ndipo serikali ya mji na ya jimbo la Illinois zilipokiri rasmi kuwa mwanzilishi ni Du Sable. Sanamu ya kichwa chake iliwekwa karibu na daraja mwaka 2009. Daraja lenyewe likapewa jina lake mwaka 2010. Na barabara maarufu ya kando ya ziwa nayo ikapewa jina lake mwaka 2021, baada ya ubishi mwingi katika baraza la mji. Hivyo leo daraja linaitwa Du Sable, na mchongo wa Kinzie bado umo kwenye nguzo yake. Msomaji anayetaka kuuelewa mji huu asiondoke hapo kabla hajayatazama yote mawili, kwa sababu kila atakapokwenda atakuta mambo ya namna hiyo hiyo: kitu kilichosimamishwa na wenye uwezo, na kingine kilichosimamishwa baadaye sana na watu waliokataa kusahauliwa.

MOTO NA MAGHOROFA

Tukipanda na barabara hiyo ya Michigan kuelekea kaskazini tunakuta mnara wa maji wa mawe ya rangi ya manjano, uliojengwa mwaka 1869. Ukilinganishwa na majirani zake unaonekana kama kitu cha kuchezea watoto. Umaarufu wake unatokana na moto. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulizuka katika banda la ng'ombe la familia maskini ya wahamiaji kutoka Ayalandi. Chicago ya wakati huo ilikuwa ya mbao tangu nyumba hadi njia za waenda kwa miguu, na upepo ulikuwa mkali. Moto ulipokwisha tarehe 10, watu 300 hivi walikuwa wamekufa, na 100,000, yaani mmoja katika kila watatu, hawakuwa na mahali pa kulala. Mnara huu ulikuwa miongoni mwa majengo machache yaliyosalia katika eneo lililoungua.

Lawama, kama ilivyo desturi, iliangukia kwa mnyonge. Ilivumishwa kwamba Catherine O'Leary, mwenye banda, alikuwa akikamua maziwa usiku, ng'ombe akaipiga taa teke. Mama huyo aliishi na aibu hiyo mpaka kufa kwake. Baraza la mji lilimsafisha rasmi, yeye na ng'ombe wake, mwaka 1997. Pale palipokuwa na banda lake leo pana chuo cha wazima moto.

Mji ulioungua hutaka kujengwa upya, na ardhi ya katikati ilikuwa ghali. Ndipo wahandisi wakaanza kujenga kwenda juu badala ya pembeni. Jengo la Home Insurance la mwaka 1885, lenye ghorofa kumi, ambalo uzito wake ulibebwa na mifupa ya chuma badala ya kuta nene, huhesabiwa na wengi kuwa ghorofa refu la kwanza la aina hiyo duniani. Usilitafute, lilibomolewa mwaka 1931. Lakini mjukuu wake yupo: mnara wa Sears, ambao tangu mwaka 2009 unaitwa Willis, wenye ghorofa 110 na urefu wa mita 442. Ulikuwa jengo refu kupita yote duniani hadi mwaka 1998. Aliyebuni namna ya kuusimamisha ni mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, katika nchi inayoitwa leo Bangladesh. Tatizo kubwa la jengo refu si uzito wake, bali ni upepo unaolisukuma ubavuni. Khan aliligawa jengo katika mirija tisa ya pembe nne iliyofungwa pamoja kama kitita cha kuni, kila mmoja ukimsaidia mwenziwe. Kisha mirija mingine ikakomea njiani na miwili tu ikafika kileleni. Ukipanda hadi ghorofa ya 103, ambako kuna visanduku vya kioo vilivyotokeza nje ya ukuta, na miguu ikakuishia nguvu, ukumbuke kwamba unashikiliwa na akili ya kijana wa Kibengali. Njia panda iliyo karibu na mnara imepewa jina lake.

Hapo chini kuna reli iliyoinuliwa juu ya nguzo, inayouzunguka moyo wa mji tangu mwaka 1897. Treni zake hupita zikiguruma usawa wa madirisha ya ofisi. Kwa mgeni mwenye familia hiyo ndiyo tamasha ya bei nafuu kuliko zote: nauli moja, mzunguko mzima, na watoto wamebandika nyuso zao dirishani. Ila ziara ipangwe kati ya Mei na Oktoba. Baridi ya Januari mjini Chicago, ikisaidiwa na upepo wa ziwani, haina urafiki na mtu aliyezoea jua la pwani.

Mto nao una maajabu yake. Zamani ulikuwa ukimwaga uchafu wa mji ndani ya ziwa, na ziwa ndilo lililokuwa likinywewa. Watu walikuwa wakiugua. Wahandisi wakachimba mfereji wa kilomita 45, na mwezi wa Januari 1900 wakaugeuza mto: badala ya kuingia ziwani, ukawa unatoka ziwani. Watu wa Chicago walifurahi. Watu wa St. Louis, waliokuwa wakiishi upande ambao uchafu ulielekezwa, walikwenda mahakamani.

SANAMU NA PICHA

Katika uwanja wa Daley kuna sanamu ya chuma yenye kimo cha mita 15, kazi ya Pablo Picasso, iliyozinduliwa mwaka 1967. Picasso hakuipa jina, na alikataa kupokea malipo. Wenyeji walipoiona mara ya kwanza walikasirika. Huyu alisema ni nyani, yule alisema ni mbwa. Watoto hawakujiuliza. Waliona kitako chake kimeinama, wakapanda na kuteleza, na wanateleza mpaka leo.

Mita mia kadhaa kutoka hapo, katika bustani ya Millennium iliyofunguliwa mwaka 2004, kuna kazi ya Anish Kapoor, mzaliwa wa Mumbai. Ni vibati 168 vya chuma kisichoshika kutu vilivyounganishwa na kusuguliwa hadi mshono hauonekani, na umbo lake ndilo lililowafanya watu waiite Haragwe. Ndani ya mng'aro wake utaona mawingu, maghorofa na sura yako mwenyewe iliyopindapinda. Haina kiingilio. Vivyo hivyo Jumba la Utamaduni lililo ng'ambo ya barabara, lililokuwa maktaba tangu mwaka 1897, ambalo kuba lake la vioo vya rangi lina upana wa mita 11 na ushei.

Jumba la sanaa lenye simba wawili wa shaba mlangoni linatoza, tena si kidogo, lakini mwenye nafasi asijinyime. Humo mna picha ya Georges Seurat ya watu waliopumzika siku ya Jumapili kando ya mto huko Ufaransa, iliyochorwa kwa nukta peke yake. Ukiisogelea unaona vumbi la rangi. Ukirudi nyuma hatua kumi watu wanatokea na miavuli yao. Mna pia ile picha ya Edward Hopper ya mwaka 1942, inayoonyesha wateja wa mkahawa usiku wa manane, kila mmoja na upweke wake. Katika jengo hili hili, mwezi wa Septemba 1893, Swami Vivekananda kutoka India alisimama mbele ya mkutano wa dini za dunia, akasikilizwa na watu waliokuwa wamezoea kuwaona Wahindi kama wanafunzi wa wamishonari tu.

Mwaka huo wa 1893 Chicago ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Waliingia watu milioni 27 kwa hesabu ya milangoni. Gurudumu kubwa la kupandia, mama wa yale yanayozunguka leo katika viwanja vya watoto, lilianzia hapo. Lilikuwa na kimo cha mita 80 na vibanda 36, kila kimoja kikibeba watu hadi 60. Lakini Wamarekani weusi, waliokuwa wameachiliwa utumwani miaka isiyofika 30 tu kabla ya hapo, hawakupewa banda la kuonyesha walichokuwa wamekifanya. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa mzee mashuhuri, alipata kusimama pale kwa heshima kwa sababu tu serikali ya Haiti ilimkabidhi banda lake. Mwandishi kijana Ida B. Wells alimjia, na kwa pamoja na wenzao walichapisha kijitabu cha kuwaeleza wageni wa dunia kwa nini mtu mweusi hakuwemo katika maonyesho, wakakigawa. Jumba moja la maonyesho hayo limesalia, nalo ni makumbusho ya sayansi na viwanda, ambako watoto wanaweza kuingia katika nyambizi ya Kijerumani, U-505, iliyotekwa karibu na pwani ya Afrika Magharibi mwezi wa Juni 1944.

SIMBA WA TSAVO

Tuje sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kando ya ziwa liko jumba la makumbusho la Field, lenye nguzo nyeupe kama hekalu la Kiyunani. Wengi huliendea kwa ajili ya mifupa ya dainosaria aitwaye Sue, aliyenunuliwa mwaka 1997 kwa dola zaidi ya milioni nane. Sisi ambao mjusi wetu wa Tendaguru yuko Berlin tunaweza kumtazama Sue kwa jicho la mtu anayejua habari hizo. Katika ukumbi mkubwa wamesimama tembo wawili wanaopigana, waliokaushwa kwa ustadi na Carl Akeley. Walitoka kwetu Afrika Mashariki. Lakini pita hapo, ulizia simba wa Tsavo.

Wako wawili ndani ya kabati la kioo. Ni madume, ila hawana manyoya shingoni, na ni wadogo kuliko unavyotazamia. Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na walipofika Mto Tsavo kazi ya daraja ikasimama kwa ajili ya simba hawa. Tangu Machi hadi Desemba walivamia kambi usiku. Waliruka maboma ya miiba, wakawaburura watu kutoka hemani. Vibarua walioletwa kutoka India walikwisha amini kwamba hao si wanyama bali ni mashetani, na mamia wakadandia treni kurudi pwani. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba, wa kwanza tarehe 9 na wa pili tarehe 29.

Idadi ya walioliwa imebishaniwa tangu wakati huo. Patterson baadaye alidai watu 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba huenda walikuwa 35 hivi. Na mwaka 2024 watafiti walitoa vinyweleo vilivyokuwa vimekwama katika meno yaliyovunjika ya simba hao, wakakuta humo alama za twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia na binadamu. Ni elimu ya ajabu kweli. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alitaja vibarua wa Kihindi 28, kisha akasema kwamba Waafrika waliokufa walikuwa makumi, ila hesabu yao haikuwekwa rasmi. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Jino la simba limehifadhiwa kwa miaka zaidi ya 120 hata limeweza kupimwa, ilhali jina la Mwafrika aliyeingia kinywani humo hakuna aliyeona haja ya kuliandika.

Kwa miaka 25 simba hao walikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson. Mwaka 1924 aliwauzia makumbusho kwa dola 5,000, na kwa kuwa ngozi zilikuwa zimekatwa na kuchakaa, walipojazwa walitoka wadogo kuliko walivyokuwa hai. Wamewahi kutokea Wakenya waliodai warudishwe. Mwandishi wa makala haya anaona dai hilo lina uzito, lakini hata kabla ya simba kurudi, ingefaa makabati hayo yaseme zaidi juu ya waliokuwa hemani usiku ule kuliko juu ya aliyeshika bunduki.

MEI MOSI ILIKOZALIWA

Kila tarehe 1 Mei wafanyakazi wetu huandamana na mabango na ngoma. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba sikukuu hiyo ina kaburi, na kwamba kaburi hilo liko Chicago.

Tarehe 1 Mei 1886 makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Siku mbili baadaye polisi waliwapiga risasi wafanyakazi mbele ya kiwanda cha mashine za kuvunia cha McCormick. Usiku wa tarehe 4 ulifanyika mkutano wa kulalamikia mauaji hayo karibu na soko la Haymarket. Mkutano ulikuwa wa utulivu na watu walikwisha anza kuondoka kwa sababu ya mvua, ndipo polisi wakafika kuwatawanya; mtu ambaye hajajulikana mpaka leo akatupa bomu. Polisi wakafyatua risasi. Waliokufa ni polisi saba, na wafanyakazi wasiopungua wanne.

Watu wanane walishtakiwa, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani. Haikuthibitishwa kwamba yeyote kati yao alilirusha bomu. Walihukumiwa kwa yale waliyoyasema na kuyaandika. Tarehe 11 Novemba 1887 walinyongwa wanne: August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer na George Engel. Wa tano, Louis Lingg, alikuwa amekufa selo siku moja kabla. Mwaka 1889 mkutano wa wanasoshalisti mjini Paris uliiteua tarehe 1 Mei kuwa siku ya wafanyakazi wa dunia. Mwaka 1893 Gavana John Peter Altgeld aliwasamehe watatu waliokuwa bado gerezani, akaandika wazi kwamba kesi ilikuwa ya upendeleo. Uchaguzi uliofuata alishindwa.

Na kumbukumbu zake? Ya kwanza kusimamishwa mahali pale, mwaka 1889, ilikuwa sanamu ya polisi. Ililipuliwa mwaka 1969, ikatengenezwa, ikalipuliwa tena mwaka 1970. Leo imehifadhiwa kwenye makao makuu ya polisi. Wafanyakazi walisubiri hadi mwaka 2004 ndipo katika barabara ya Desplaines ikawekwa sanamu ya gari la kukokotwa lenye watu juu yake, kwa kuwa wasemaji wa usiku ule walihutubia juu ya gari kama hilo. Kitako chake kimebandikwa vibao vya vyama vya wafanyakazi kutoka nchi mbalimbali. Makaburi yenyewe yako katika kitongoji cha Forest Park, unakofika kwa treni ya mstari wa buluu hadi kituo chake cha mwisho. Hapo amesimama mwanamke wa shaba, anamvika taji la majani mfanyakazi aliyeanguka. Jirani amezikwa Lucy Parsons, mjane wa Albert, mwanamke mwenye damu ya Kiafrika, aliyeendelea kuhutubia vibarua mpaka uzeeni na kufa mwaka 1942.

Jambo la kushangaza ni kwamba Marekani yenyewe haiadhimishi Mei Mosi. Siku yao ya wafanyakazi ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na ilipitishwa kuwa sheria ya taifa mwezi wa Juni 1894 katikati ya mgomo mwingine wa Chicago, ule wa kiwanda cha mabehewa cha Pullman. Bwana Pullman alikuwa amewajengea wafanyakazi wake mji mzima, nyumba nzuri za matofali. Akapunguza mishahara na kuacha kodi za nyumba vile vile. Mji huo upo, na tangu mwaka 2015 unahifadhiwa na taifa. Usisahau kuingia katika makumbusho madogo ya wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala, ambao abiria waliwaita wote kwa jina moja, "George", jina la tajiri wao, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Mwaka 1925 walianzisha chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph. Iliwachukua miaka 12 mpaka kampuni ikatia sahihi mkataba.

UPANDE WA KUSINI

Hao wahudumu ndio waliosafirisha magazeti ya watu weusi ya Chicago hadi vijiji vya kusini mwa Marekani, na magazeti hayo yakawa kama mwaliko. Kuanzia mwaka 1916 hivi mamia ya maelfu walihamia Chicago kutoka Mississippi na majimbo mengine. Wakasongamana upande wa kusini, katika eneo linaloitwa Bronzeville, kwa sababu kwingineko hawakukodishiwa nyumba. Hata ziwani palikuwa na mpaka usioandikwa. Tarehe 27 Julai 1919 mvulana wa miaka 17, Eugene Williams, alielea na ubao wake akavuka upande wa wazungu; akapigwa mawe akazama. Zikafuata ghasia zilizoua watu 38. Kuna jiwe lenye kibao karibu na mtaa wa 29, kando ya njia ambako leo watu wa rangi zote hupita kwa baiskeli.

Huku kusini ndiko gitaa la shambani lilikotiwa umeme. Muddy Waters alifika kutoka Mississippi mwaka 1943, na nyimbo alizozirekodi kampuni ya Chess zilikwenda mpaka Uingereza zikawafundisha vijana wa huko kupiga muziki. Jengo la namba 2120 barabara ya Michigan Kusini, lililokuwa studio ya Chess, lipo bado. Ida B. Wells, yule mwandishi wa kijitabu cha 1893, amesimamishiwa mnara Bronzeville mwaka 2021, kazi ya Richard Hunt, mchongaji mzaliwa wa Chicago.

Makumbusho ya Du Sable yalianza mwaka 1961 sebuleni kwa mwalimu mmoja, Margaret Burroughs, na mumewe Charles. Hawakuwa na fedha wala kibali cha mtu; walikuwa na vitabu, picha, na hasira ya mwalimu anayeona wanafunzi wake hawamo katika vitabu vya historia. Mwaka 1973 makumbusho yalihamia jengo la bustani ya Washington, ambalo lilikuwa ofisi na liliwahi pia kuwa mahabusu ya polisi. Humo utamkuta pia Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyechaguliwa mwaka 1983 na kufa akiwa kazini mwaka 1987. Bustani ya Jackson haiko mbali, ambako kituo cha Rais Barack Obama, mtoto wa Mkenya, kilianza kujengwa mwaka 2021. Hicho kitapata wageni bila kuombewa. Mimi ningekusihi kwanza uingie kwa Mama Burroughs.

Na kama una mtoto mkubwa wa kutosha kuelezwa, mpeleke namba 4021 barabara ya State Kusini, kwenye kanisa la matofali liitwalo Roberts Temple. Hakuna kioo wala lifti hapo. Mwezi wa Agosti 1955 Emmett Till, mvulana wa Chicago mwenye umri wa miaka 14, alikwenda Mississippi kuwatembelea ndugu zake. Alidaiwa kumkosea adabu mwanamke wa kizungu dukani. Akachukuliwa usiku, akapigwa, akauawa na kutupwa mtoni. Maiti iliporudishwa, mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lisifunguliwe. Alitaka watu waone. Kwa siku kadhaa makumi ya maelfu walipanga foleni barabarani na kupita mbele ya jeneza lililo wazi, wengine wakibebwa nje kwa kuzimia, na picha zikachapishwa na jarida la Jet la hapo hapo Chicago. Wauaji waliachiliwa na baraza la wazungu watupu lililojadiliana kwa muda wa saa moja hivi. Mama huyo alisomea ualimu, akafundisha watoto wa shule za Chicago kwa miaka mingi, akafariki mwezi wa Januari 2003. Kanisa lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa tarehe 25 Julai 2023, siku ambayo mwanawe angetimiza miaka 82.